Mvua ya Kwanza na Meza ya Pigiste

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mkuu wa wahariri wa redio amesimama juu ya kiti, anaziba tundu la bati kwa gudroni, yaani lami. Tulimwita Redak, kwa kufupisha cheo chake cha Kifaransa. Hakushuka. Akiwa huko huko juu aliniuliza kama najua kuandika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama najua kukaa, nami nikadhani ananitania.

“Kuandika, batu mingi banaweza,” akasema. “Kukaa njo kazi. Na kiti hapa ni hii moja tu minasimama juu yake. Weye ni pigiste, utatafuta kiti ku kwako.”

Pigiste ni mwandishi asiyeajiriwa na mtu. Analipwa kwa andiko lililokubaliwa, basi. Hana mshahara, hana ofisi, hana likizo, wala hana mtu wa kumgombeza akichelewa kuamka, na hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Redak alinianzisha kwenye chapo, yaani maneno machache anayoyasoma mtangazaji kabla ya habari yenyewe, kama mgeni anayepiga hodi kabla ya kuingia. Akanifundisha pia maana ya bukulaji: ile saa ya kufunga kipindi, ambayo ikishapita hata andiko zuri linafaa kufungia karanga tu.

Ninyi vijana mnaokuja kwangu siku hizi na simu zenu mnaniuliza mambo makubwa: mtindo, ukweli, hatari. Nayajibu kadiri ninavyoweza. Lakini kuna mmoja wenu, sitamtaja, ambaye majuzi aliniuliza kwa sauti ya chini kama mwenye ugonjwa wa aibu: “Mama Régine, mvua ikirudi, kwa nini siwezi kuandika tena?” Nilicheka mpaka nikashika mbavu, maana swali hilo nimelibeba maisha yangu yote ya kazi.

Mnajua wenyewe Bunia ilivyo wakati wa kiangazi. Vumbi liko barabarani, liko kwenye nywele, liko ndani ya sahani. Wakati huo mimi niliandika vizuri sana. Nani angetaka kutoka? Nilifunga mlango, nikafunika kikombe, nikakaa. Halafu mwezi wa tatu mvua ya kwanza inapiga bati, na asubuhi yake mji umeoshwa. Hewa ni baridi na safi, Milima ya Bluu inaonekana kana kwamba imesogea karibu, kumbikumbi wanatoka ardhini na watoto wanawakimbiza na mabeseni. Kila anayepita ana jembe begani. Hapo mikono yangu ilikataa kalamu kabisa. Nilikaa mezani asubuhi nzima, nikaandika jina langu na tarehe.

Mwaka wa kwanza nilimpelekea Redak karatasi hiyo hiyo.

“Maandiko iko wapi?”

“Mvua imenyesha, Monsieur.”

“Imenyesha ndani ya kichwa yako?”

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechukia, lakini njiani hasira ikapoa na udadisi ukabaki. Kweli, imenyesha wapi? Mimi si mvivu. Nimelelewa na mama ambaye kwake uvivu ulikuwa dhambi ya kwanza, wizi ya pili. Kwa nini basi hewa nzuri inichukulie nguvu ambayo vumbi halikuweza kuichukua? Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila bosi, kila mwenzangu. Wengine waliniona punguani kidogo.

Baada ya Redak nilifanya kazi kwa Abbé mmoja, padri aliyesimamia jarida la parokia. Niliandika historia za marehemu za kusomwa kwenye matanga, na habari za vikundi vya akina mama. Abbé alikuwa mtu wa kanuni. Nilipomweleza shida yangu alivua miwani, akaipangusa kwa mkono wa kanzu, akasema polepole:

“Binti yangu, shetani hakuyake na pembe. Anakuya na hewa muzuri. Funga dirisha.”

Nikafunga dirisha. Alinipa chumba nyuma ya kanisa, chenye ukuta mtupu na picha ya mtakatifu mwenye uso wa kukasirika. Mvua ikanyesha, na harufu ya udongo uliolowa ikapita chini ya mlango, ikaja kukaa nami. Nikaziba kwa kitambaa. Ikapita juu. Saa nne hivi nikafungua mlango nitafute hewa, nikamwona Abbé mwenyewe nyuma ya nyumba ya mapadri, kanzu ameikunja mpaka magotini, anapanda maharage.

Alinyanyuka taratibu. “Ninakagua udongo,” akasema.

“Ndiyo, Mon Père.”

“Fungua dirisha basi,” akasema, akarudi kuinama. Nilimpenda sana mtu yule.

Baadaye nikapata kazi Aru, kule mpakani, kwa Chef, yaani mkuu, wa mradi mmoja wa maji safi aliyetaka vitabu vidogo vya mafunzo. Huyo alikuwa mhandisi, na kwake kila kitu kilikuwa na bomba lake. Alisema kuandika ni kama kuvuta maji: ya kwanza ni machafu, uyaache yapite. “Tia kwanza sentensi mubaya,” alinishauri, “ya muzuri itakuya nyuma.” Ushauri huo nimeutumia miaka mingi, nami nawapa ninyi bure. Ila wakati wa mvua za kwanza hata sentensi mbaya haikuja.

Chef huyo ndiye aliyenituma Bambu niandike kuhusu visima vya wachimba dhahabu. Nilifika huko siku moja baada ya mvua kubwa, moyo wangu unaimba, nikamwambia mchimbaji mmoja aitwaye Ali, “Hewa ya leo ni nzuri jamani.” Alikuwa amekaa kando ya shimo lake, matope mpaka shingoni.

“Muzuri kwa nani, mama?” akaniuliza. “Angalia shimo. Imeyaa maji. Siye mvua ikinyesha tunakaa na njaa. Hewa muzuri ni ile ya vumbi.”

Nilimtazama, nikatazama lile shimo lililojaa maji ya rangi ya chai. Mvua ile ile, siku ile ile, mmoja inamwita na mwingine inamfukuza. Basi si hewa yenyewe inayoniita, nikafikiri kwenye pikipiki wakati wa kurudi. Kuna kitu ndani yangu kinachoitika. Ni kitu gani? Sikujua bado, na nilikuwa nimeanza kuzeeka.

Nilirudi Bunia mjini kwa kudumu nilipoitwa na Directrice, yaani mkurugenzi, wa vipindi wa redio nyingine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Huyu alinipa kazi kubwa kuliko zote: mchezo wa redio, sehemu moja kila wiki. Nikabuni mjane aitwaye Sofia, aliyekimbia vita kijijini kwake Djugu akaja na watoto wake kwenye kambi ya mjini, kutafuta mahali pa kulima. Wachezaji walikuwa walimu, fundi cherehani, na mzee mmoja wa kwaya mwenye kicheko cha kutisha. Mchezo ukapendwa, hasa kwenye kambi za waliokimbia vijiji. Siku ya Sofia watu walikusanyika kwenye redio moja, na mwenye betri akawa mtu wa heshima.

Lakini mwaka wa kwanza mvua ilipoanza, Sofia alinyamaza wiki kadhaa. Mwaka wa pili vilevile. Directrice akaniita.

“Mama Régine, mimi nakuheshimu. Lakini sikia. Mvua ikianza, unanipotelea. Mwaka huu Sofia akikatika tena katikati, ninafunga kipindi. Saa yake ninapatia muziki. Wachezaji, weye, bote munaenda nyumbani.”

“Nimeelewa, Directrice.”

“Kuelewa haitoshe. Keti.”

Nikacheka kwa uchungu. Redak alikuwa ameshakufa zamani, na bado neno lake lilikuwa linanifuata.

Basi mvua za mwaka ule zikaja, na mimi nikafanya nini? Nikakimbia meza siku ya kwanza tu. Jirani zangu walikuwa na kikundi cha zamu. Wanawake wa mtaa wetu, wengi wao watu wa Djugu kama mimi, walikodi vipande vya shamba nje ya mji, na kila asubuhi kikundi kizima kililima shamba la mmoja wao, kesho la mwingine, mpaka mzunguko ukaisha. Sheria ilikuwa moja na kali: aliyelima kwa wenzake lazima naye alimiwe. Mwenye shamba ndiye anayepiga jembe la kwanza, peke yake, wengine wamesimama wanamngoja. Akishapiga, wote wanaingia. Na hakuna kuondoka kabla kipande cha siku hakijaisha, hata mtu awe na mgonjwa nyumbani. Atatumwa mwingine kwa mgonjwa.

Nikaazima jembe, nikaenda nao. Sijui niwaeleze vipi furaha yangu. Udongo ulikuwa laini, mgongo uliniuma vizuri, wanawake walitukanana kwa utani, na saa za mchana tulikula ugali wa muhogo na lengalenga, yaani mchicha, tumekaa juu ya majani. Nililima kwa Mama Présidente, aliyekuwa kiongozi wao, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache. Nililima kwa wengine. Usiku sikumfikiria Sofia, na asubuhi nilimkimbia.

Halafu Mama Présidente akatangaza, “Kesho ni zamu ya Mama Régine.”

“Hapana,” nikasema, “mimi sina shamba. Nilikuja kusaidia tu.”

Wote wakaacha kutafuna.

“Umelima kwa batu bote,” akasema Mama Présidente. “Siye hatulimishake mutu bure. Kazi yako ni nini?”

“Ninaandika.”

“Unaandikia wapi?”

“Kwenye meza.”

“Basi tutakuya ku meza.”

Nilidhani ni utani wa shibe. Asubuhi nikasikia sauti uani. Walikuja wote, wamevaa nguo za shambani, na majembe wakayaegemeza ukutani kwa mpangilio, maana kwenda zamu bila jembe ni mkosi. Wakaingia sebuleni kwangu, wakakaa kwenye viti, kwenye mkeka, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wakanitazama.

“Mnangoja nini?” nikauliza.

“Siye tunangoya weye,” akasema Mama Présidente. “Mwenye shamba apige.”

Mliowahi kukaa mbele ya karatasi tupu peke yenu mnadhani mnajua mateso. Jaribuni kukaa mbele yake huku wanawake wenye matope miguuni wamekunja mikono wanawasubiri. Nikaandika: Sofia alikwenda sokoni. Sentensi mbaya kabisa.

“Soma.”

Nikasoma.

“Alienda soko kutafuta nini?” akauliza mmoja.

“Mbegu,” akadakia mwingine, “mvua imeshanyesha.”

“Na franga ya mbegu anatoa wapi, mujane?”

“Anaacha kitenge yake ya ndoa kwa muuzaji, nyuma atakomboa.”

“Kitenge ya ndoa? Mimi singetoa!”

“Weye haujalala njaa bado.”

Wakaingia wote, kama walivyoingia shambani. Nilikuwa naandika mbio, nakata, nauliza, nakataa pia, kwa sababu mengine yalikuwa upuuzi na niliwaambia hivyo, nao wakanizomea. Nilipochoka nikainua kichwa nitazame mlangoni, ambako jua lilikuwa limetoka juu ya majani mabichi. Mama Présidente akagonga mguu wa meza kwa kidole.

“Matako yako iko mwepesi sana, mama. Kipande haiyaisha.”

Nikainama. Kabla ya saa ya ugali sehemu nzima ya mchezo ilikuwa imekwisha, na Directrice alipoisoma aliniangalia kwa mashaka, akauliza ni nani ananisaidia. Nikamwambia ni kikundi cha kilimo. Hakuuliza tena.

Mzunguko uliporudi, walirudi. Ndivyo Sofia alivyoishi msimu ule wote. Siku za wenzangu nililima udongo, siku yangu walinilimia meza, na ajabu ni kwamba siku za udongo zilinipa hamu ya meza. Siku moja nilimuuliza Mama Présidente lile swali langu la zamani, kwa nini mvua inaninyima kuandika. Alinitazama kama mtoto mjinga.

“Weye ulitoka Djugu,” akasema. “Shamba ya mama yako iko kule. Mvua inanyesha, mikono inauliza: tunaenda? Na njia haiko. Siye bote tuko vile.”

Nililia palepale, mbele ya watu, bila haya. Abbé alisema ni shetani, na mimi kwa miaka mingi nilihofia ni uvivu. Kumbe mikono yangu ilikuwa inakumbuka nyumbani.

Katika kikundi chetu alikuwamo Mama Neema, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiishi kambini na binti yake mkubwa. Alilima kuliko wote, lakini zamu yake ikifika alisema, “Munipite.” Hakuwa na kipande cha kukodi, na kupewa bure alikataa. Mama Présidente alimvumilia kwa shingo upande, maana sheria ilikuwa inavunjika. Mwisho wa msimu ulipofika, nilikuwa nimebakiwa na sehemu ya mwisho ya mchezo, na haikuja. Je, Sofia arudi kijijini au asirudi? Nikimrudisha, watu wa kambini watasema ninadanganya. Nisipomrudisha, nitawavunja moyo. Wanawake nao walibishana bila kumaliza, na siku aliyoipanga Directrice ilikuwa inakaribia.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Mama Neema. Tukamngoja aseme tumpite. Akasimama.

“Leo munilimie,” akasema. “Shamba yangu iko Djugu. Mama Régine akamate bic, aandike.”

Tukaenda kwangu. Safari hii yeye ndiye mwenye shamba, na mimi nilingoja pamoja na wengine. Akafumba macho. Kisha akaanza: njia inapita nyuma ya shule, inashuka, unakuta mikaratusi ambayo mume wake aliipanda, halafu mahindi, halafu maharage chini ya migomba. Hapa udongo ni mwekundu, pale ni mweusi. Hapa palikuwa na jiwe ambalo kila mwaka walisema watalitoa. Niliandika kila neno. Sofia wangu hakurudi, wala hakukosa kurudi. Usiku mmoja kambini anafumba macho na kulipita shamba lake, kipande kwa kipande, anawaonyesha watoto wake ili walijue. Mwalimu aliyecheza Sofia alisoma akiwa analia, na Directrice hakukata kilio kile. Siku ile mchezo ulipopita hewani, nimeambiwa, kambini hata watoto waliacha mpira wakaja kusikiliza.

Kipindi hakikufungwa. Kinaendelea mpaka leo, kinaandikwa na mmoja wenu.

Mimi nimeacha. Pigiste hastaafishwi na mtu. Hakuna hotuba, hakuna saa ya ukutani. Macho yalichoka, nikamwambia Directrice ambaye naye amezeeka, tukanywa chai, nikaenda nyumbani. Mnataka nasaha? Kijana aliyeniuliza kwa sauti ya chini, sikiliza. Mvua ikikutoa mezani, usijitukane. Toka, kalime, halafu uwaite wale uliolima nao waje wakae nawe mpaka umalize. Mtu akiandika peke yake, hewa nzuri ni adui. Na jiulize mikono yako inataka kwenda wapi. Mara nyingi pale ndipo andiko lako lilipo, na ukilikwepa utaandika jina lako na tarehe mpaka uzee.

Mwaka huu mvua ya kwanza iliponyesha, nilifurahi kama msichana. Sina tena andiko la kupeleka popote. Asubuhi nikachukua jembe, nikafungua mlango, nikamkuta Mama Neema amesimama upenuni mwa nyumba, nguo zimelowa. Amezeeka sasa, na kambi bado ndiyo nyumba yake.

“Unaenda wapi, dada?” akaniuliza.

“Kulima. Twende.”

“Na shamba yangu?”

“Shamba lako tulilimaliza, mama. Lilisomwa kwenye redio.”

Akatikisa kichwa. “Hamukumaliza. Mulibakisha kona ya chini, karibu na maji. Ile siku singeweza kusema.” Alikuwa anatazama mikono yake. “Pale njo nilizika mutoto wangu wa mwisho. Homa ilimukamata wiki tuliyokimbia. Hata alama sikuweka.”

Mvua ilikuwa imekatika na barabara nzima ilikuwa imejaa watu wenye majembe, wanaitana. Niliegemeza la kwangu ukutani. Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani, nikamvutia kiti, nikatafuta miwani yangu na kalamu.

“Aliitwa nani?” nikamuuliza.